Mungu wa Gia Tano

Watu walimwita Bisibisi, na yeye hakuwahi kulikataa jina hilo, maana lilimfaa kuliko lile alilobatizwa nalo. Alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani mbovu kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo hakuna kitu kilichopita mbele ya macho yake kikabaki kimefungwa. Cherehani, sawa, hizo ndizo zilizomlisha. Lakini alifungua pia saa ya ukutani ya wakwe zake, siku ya pili tu baada ya kukaribishwa ukweni, kisa aliisikia inachechemea. Alifungua redio ya jirani ambayo haikuwa mbovu. Alifungua kitasa cha choo chake mwenyewe akiwa ndani, akakaa humo mpaka mkewe aliporudi kutoka sokoni. "Mimi," alipenda kusema, "nikishindwa kukifungua kitu, basi kitu hicho hakipo." Siku hizi akikumbuka kwamba maneno hayo aliwahi kuyasema mbele ya darasa la kanisa, tena akiwa na chaki mkononi, hutamani ardhi ipasuke immeze na chaki yake.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabati ulioelekea barabarani. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi, taa ya kuning'inia, na rafu za makopo ya vipuri. Kopo moja lilikaa juu kabisa, mbali na macho ya wateja. Hilo lilikuwa la skrubu zilizobaki, yaani zile ambazo fundi akishaunganisha mashine na ikafanya kazi vizuri, anazikuta mezani zinamtazama. Lilikuwa limejaa pomoni. Bisibisi aliwahi kumweleza mkewe kwamba hayo ni makosa ya viwandani, wanaweka skrubu nyingi mno. Mkewe, ambaye ndoa ya miaka ishirini na tisa ilimfundisha wakati wa kunyamaza, alinyamaza.

Jumanne na Alhamisi, ikifika saa tisa alasiri, Bisibisi alifunga mlango, akasugua mikono kwa sabuni ya unga, akavaa koti la kijivu na kuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa mwalimu wa darasa la kurudi kundini. Ndilo darasa la watu waliotengwa na ushirika zamani, au waliojitenga wenyewe, ambao sasa wanataka kurudi kwenye meza ya Bwana. Wanasoma masomo saba, kisha Jumapili wanasimama mbele ya kanisa, mchungaji anawapa mkono, na yaliyopita yanakwisha. Ofisi kuu ya kanisa ilikuwa imechapa kijitabu cha masomo hayo. Bisibisi alikitumia kama alivyotumia kila kitabu kilichokuja na mashine: alitafuta ukurasa wenye orodha ya vipuri, mengine akayaacha.

Mwaka huo darasa lilikuwa na watu sita, na wa sita alikuwa dada yake.

Dada alikuwa na miaka sabini na mmoja, yeye hamsini na tisa. Mama yao alipofariki Bisibisi alikuwa wa miaka minne, na dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akampeleka shule, na kumchapa siku alipofungua saa ya mwalimu mkuu. Yeye mwenyewe aliacha shule kwa ajili hiyo. Hakuwahi kumsimanga nayo hata mara moja. Bisibisi aliyasikia kwa watu. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni, na ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa akiifanya mpaka leo.

Alipofika miaka arobaini, Dada alihamia kwa fundi rangi mmoja, mtu mpole ambaye mkewe wa ndoa alimkimbia miaka mingi nyuma na hakujulikana aliko. Kanisa halikuwa na njia ya kuwafungisha ndoa. Wazee wa kanisa wakakaa, wakaamua. Siku hizo wanaotengwa walisomwa majina mbele ya ushirika wote, na msomaji alikuwa karani wa kanisa. Karani mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, hodari, mwenye sauti nzuri, aliyenyoosha koti lake kabla ya kusimama. Ndiye huyu huyu Bisibisi.

Angeweza kumpa mtu mwingine karatasi ile. Mzee mmoja hata alinyoosha mkono aipokee, akakataliwa. Bisibisi akalisoma jina la dada yake, la tatu katika orodha, kwa sauti ile ile aliyowasomea wengine, na akajipongeza moyoni kwa kuwa haikutetemeka. Baada ya ibada alikwenda nyumbani kwa Dada na sentensi aliyoitunga njiani. "Dada," akamwambia, "mimi kama karani sikuwa na budi. Lakini mimi kama ndugu yako, nakupenda vilevile." Aliiona ni sentensi nzuri sana. Kwa miaka thelathini na moja aliendelea kuiona nzuri, na mara mbili tatu aliwapa vijana wa kanisa kama mfano wa uongozi. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akarudi kwenye pasi yake.

Tangu hapo wakawa ndugu wa harusi na misiba. Walisalimiana, waliulizana habari za watoto, basi. Fundi rangi alipofariki, kanisa halikwenda kuzika. Bisibisi, ambaye wakati huo naye alikuwa mzee wa kanisa, alikwenda, lakini alisimama nyuma kabisa, karibu na uzio, mahali ambapo kama ndugu alikuwepo na kama mzee wa kanisa hakuwepo. Alisimama kwa ustadi mkubwa hivi kwamba mwombolezaji mmoja alidhani ni mpita njia, akamfuata kumuuliza kama amepotea.

Sasa Dada alipojitokeza kwenye mlango wa darasa, miaka mitano baada ya mazishi hayo, mkoba mweusi kwapani, akaketi kiti cha nyuma bila kumwambia mtu neno, Bisibisi alishikwa na furaha na hofu kwa pamoja. Alitaka dada yake arudi. Hakuna jambo alilolitaka kuliko hilo. Na kwa kuwa alikuwa yeye, akaona njia ni moja: afundishe vizuri kuliko alivyowahi kufundisha, Dada afurahi, arudi, na yale mengine yajifute yenyewe. Masomo matano yakapita salama. Kwa la sita akapata wazo la mashine.

Somo la sita lilikuwa juu ya sifa za Mungu. Kijitabu kiliorodhesha tano, moja chini ya nyingine: utakatifu, uweza, haki, upendo, rehema. Bisibisi akaitazama orodha na moyo ukamruka. Vipuri! Siku nne hakugusa cherehani ya mteja yeyote. Alitafuta ubao, akafunga gia tano za cherehani kuukuu, akapaka kila moja rangi yake, akaandika juu yake jina la sifa, kisha akaweka mpini pembeni. Ukizungusha mpini, utakatifu unasukuma uweza, uweza unasukuma upendo, upendo unasukuma haki. Rehema ilikosa nafasi kwenye ubao, kwa hiyo akaibana pembeni kabisa, ikawa inavutwa na haki kwa mkanda wa mpira.

Mkewe alimletea chai, akasimama akiitazama.

"Hii ni nini, Baba watoto?"

"Mungu."

Mkewe akaweka kikombe mezani taratibu, kando ya kopo la mafuta. "Na hayo mafuta unampaka wapi?"

"Kidogo tu, kwenye haki. Inapiga kelele."

Mkewe akatoka nje, na Bisibisi akamsikia akicheka peke yake uani mpaka akakohoa. Hata hilo halikumshtua. Alidhani ni jirani kamchekesha.

Jumanne aliibeba mashine ndani ya gunia, akaiweka juu ya meza ya darasa, akavua gunia kwa madaha. Akatoa hotuba fupi kuhusu akili ya binadamu na ufundi. Hapo ndipo aliposema yale ya kitu kisichofunguka kuwa hakipo. Kisha akazungusha mpini, na gia zote tano zikazunguka. Dereva mmoja wa lori aliyestaafu, mwanafunzi wake hodari, alipiga makofi. Bisibisi alimtazama Dada kwa pembe ya jicho, akaona ameinama mbele, anaangalia. Akavimba kichwa. Akaongeza mwendo, na mkanda ukalegea. Gia nne zikaendelea kunguruma, rehema ikasimama tuli.

"Mwalimu, rehema imezima," dereva akasema. Darasa zima likaangua kicheko.

Dada hakucheka. Alinyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Hiyo ikisimama hivyo, inakuwaje?"

Lilikuwa swali la mtu aliyekaa na jambo miaka mingi. Mwalimu angelitambua. Lakini Bisibisi alikuwa ameinama anatafuta skrubu ya kukaza mkanda, na mtu akiwa na bisibisi mkononi akiulizwa lolote hujibu kama fundi. Hata kichwa hakuinua.

"Haina shida," akasema. "Hizi nyingine hazisimami. Haki inazunguka siku zote, hata rehema ikikwama. Halafu rehema yenyewe haiwezi kuzunguka mpaka haki iwe imezunguka kwanza."

Alipoinua kichwa, kicheko kilikuwa kimekwisha na Dada alikuwa amesimama, mkoba mkononi.

"Basi huyo namjua," Dada akasema, bila hasira. "Ndiye aliyenisaga. Nilidhani labda siku hizi mna mwingine."

Akatoka. Viatu vyake vya mpira havikutoa sauti yoyote kwenye sakafu, na Bisibisi alibaki ameshika skrubu kati ya vidole viwili, mbele ya watu watano ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kumtazama usoni.

Kesho yake asubuhi, karakanani, alifungua kijitabu kwenye somo la saba kwa mara ya kwanza maishani. Miaka yote alikuwa akilipita haraka, dakika kumi za mwisho, kwa maneno ya kutoka kichwani, kwa kuwa halikuwa na orodha. Kichwa cha somo kilisema: Mungu hana sehemu. Akasoma akiwa amesimama. Mungu hakuunganishwa kwa vitu mbalimbali, kilisema kijitabu, wala hakuna ndani yake kipande cha upendo hapa na kipande cha haki pale. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maelekezo kwa walimu. Mwalimu asitumie mfano wa mashine.

Bisibisi akaketi. Akasoma tena. Walikuwa wameandika wazi kabisa, mashine, kana kwamba mtu fulani ofisini alikuwa akimwona. Akaangalia ubao wake wenye rangi tano, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini mkewe alicheka.

Aliirudisha mashine ndani ya gunia, akaenda nayo kwa mchungaji. Mchungaji wao alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, msomi, mwenye ofisi ndogo iliyojaa viti vibovu ambavyo Bisibisi aliahidi kuvitengeneza tangu mwaka juzi. Alimsikiliza kisa chote. Kisha akauzungusha mpini mwenyewe, mara mbili, akijiuma midomo.

"Imetengenezwa vizuri," akasema.

"Mchungaji, usinionee huruma."

"Sikuonei. Kaa, Mzee, ila si kwenye hicho, kina mguu mbovu. Niambie, hii nani aliiunganisha?"

"Mimi."

"Na inaweza kuachana?"

"Kila kilichounganishwa huachana. Ndiyo maana nakula."

"Sasa Mungu nani amuunganishe?"

Bisibisi akauinamia ubao, kana kwamba jibu limo kwenye skrubu.

"Hakuna," mchungaji akasema. "Hakuna aliyemtangulia akamfunga skrubu. Kwa hiyo hana vipande. Angalia, mimi nina upendo, lakini nikikasirika sana unaweza kunitoka, na nikabaki mimi yule yule, ila upendo sina. Ni kitu nilicho nacho, kama miwani. Mungu hana upendo namna hiyo. Upendo ndiye yeye mwenyewe. Na haki yake si kitu kingine kinachoishi jirani na upendo wake. Ni hicho hicho. Sisi tunakipa majina mengi kwa sababu hatuwezi kukiona chote kwa mara moja."

"Sasa akihukumu?"

"Anayehukumu ndiye yule yule anayependa, mzima mzima, na hapo hapo anapohukumu anapenda. Hakuna Mungu wa ofisini na Mungu wa nyumbani."

Bisibisi alisikia masikio yake yakipata moto. Hakuwa anafikiria juu ya Mungu tena. Alikuwa anaisikia sauti ya kijana wa miaka ishirini na minane, nzuri, isiyotetemeka: mimi kama karani, mimi kama ndugu. Miaka thelathini na moja alikuwa ameibeba sentensi ile kama nishani, na kumbe ilikuwa mlango wa nyuma wa kutorokea.

"Na mtu je?" akauliza. "Mtu si ana sehemu?"

"Anazo," mchungaji akasema. "Lakini si nyingi kama tunavyodai tukibanwa."

Bisibisi akauliza kama mtu anaweza kupokelewa Jumapili bila kusikia somo la saba. Mchungaji akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo.

"Dada yako akija nitampa mkono," akasema. "Na hilo somo, Mzee, sidhani mwenye kulihitaji ni yeye."

Alhamisi Bisibisi alisimama mbele ya watu watano, akawaomba radhi, akawasomea somo la saba neno kwa neno bila kuongeza lake. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Alipomaliza akauliza kama kuna swali, na dereva wa lori akataka kujua kama ile mashine inauzwa.

Jumamosi asubuhi alijiandaa kwenda kwa dada yake. Alijiandaa kama mtu anayekwenda kuhutubia bunge. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, na Bisibisi akamzunguka huku na huko akijaribu maneno. Ya kwanza yalikuwa mazuri sana: "Dada, kanisa lilikukosea."

"Kanisa lina mdomo?" mkewe akauliza, macho kwenye ungo.

"Namaanisha wazee. Utaratibu wa siku zile."

"Utaratibu ndio uliosoma?"

Bisibisi akasimama.

"Mimi sikuwepo," mkewe akasema, akitupa jiwe dogo uani. "Nilikuwa bado sijakujua. Lakini unavyosimuliaga, kila mtu alikuwepo siku hiyo, wazee, katiba, karani. Wewe tu ndiye sijakusikia."

Akaondoka bila hotuba. Njiani alijaribu kutunga nyingine, ikamshinda.

Dada aliishi vyumba viwili nyuma ya duka la mbao. Uani kamba sita zilikuwa zimejaa mashuka meupe, na ndani kulikuwa na meza ya kupigia pasi, iliyofunikwa blanketi kuukuu, na marundo ya mashuka mpaka dirishani. Alikuwa anapiga pasi. Alimwona mdogo wake mlangoni, akanyunyiza maji kwenye shuka, akaendelea.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umekuja kama nani leo?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza mgeni anakunywa chai au maji. Bisibisi alisimama pale na kofia mkononi, akapekua ndani yake, akawakuta wote wamejipanga, mwalimu, mzee wa kanisa, ndugu, fundi, kila mmoja tayari kumsemea. Akawaonea aibu wote.

"Ni mimi tu," akasema. "Dada, mimi ndiye niliyesoma jina lako."

"Najua. Karani."

"Hapakuwa na karani. Mzee alinyoosha mkono nimpe ile karatasi, nikamnyima. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka watu waone kwamba mimi sibagui, hata damu yangu naisoma. Nilinyoosha koti. Nikafurahi sauti haikutetemeka. Nilikuwa mimi mzima, Dada, yule yule uliyembeba. Nilikuuza ili nionekane mkubwa, halafu nikaja hapa hapa kukudanganya kwamba aliyefanya vile ni mwingine."

Dada alikuwa amesimama, mkono juu ya pasi, anamtazama. Ikapita muda, kisha harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumba. Dada akainua pasi. Katikati ya shuka kulikuwa na alama ya kahawia.

"Umeniunguzia shuka," akasema, na sauti yake, ambayo Bisibisi hakuwahi kuisikia ikivunjika, hata siku ya kumzika fundi rangi, ikavunjika.

Akaiweka pasi pembeni, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Miaka thelathini na moja," akasema, "natafuta mtu wa kumkasirikia. Unajua inavyochosha? Nikiuliza kanisani, naambiwa ni wazee. Wazee wananiambia ni katiba. Katiba nitaipigia kelele mimi? Nikija kwako, napewa karani, na huyo karani nikibisha hodi ndani hamna mtu. Nilikuwa na hasira zangu hapa, nzuri kabisa, sina pa kuzipeleka. Haya, leo umekuja. Shika huko."

Akamrushia ncha mbili za shuka.

Na akaanza. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili: mnavuta, mnanyoosha, mnakutana katikati, mmoja anapokea ncha za mwenzake, mnarudi nyuma tena. Dada alimsema wakati wa kuvuta, alimsema wakati wa kunyoosha, na wakikutana katikati alimsema karibu kabisa na pua. Alimwita mjinga. Alimwita mpenda sifa, tangu utotoni, tangu alipojitia kuimba peke yake kwenye kwaya ya watoto na hajui wimbo. Alimwambia jinsi alivyotembea kwenda nyumbani siku ile ya kusomwa, akipitia nyuma ya nyumba za watu. Alimwambia kwamba jina alilosoma ndilo jina aliloliita akilia usiku alipokuwa mdogo, na yeye, Dada, akaamka kila mara, kila mara, hata alipokuwa na homa. Bisibisi hakujitetea. Alilia, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika shuka, machozi na kamasi vikaenda vilikotaka.

"Usinichafulie mashuka ya watu," Dada akasema, akampangusa uso kwa kanga yake, kwa nguvu, namna ya kumpangusa mtoto wa miaka minne, na huku anampangusa akaendelea kumwita mjinga. Akaona kola ya shati lake imekunjika, akainyoosha, akamuuliza kama huko kwake hawapigi pasi. Ilipofika saa saba akamwekea chakula, akasimama mbele yake na mwiko, akamwambia amekonda, ale, na kwamba mtu aliyemfanyia dada yake vile hastahili hata maji. Kisha akamwongezea.

Bisibisi alikula. Ile akili yake ya kifundi, ambayo hata kwenye kulia hailali, ilikuwa inamchunguza Dada, inatafuta mahali hasira ilipoungana na upendo, ili aone ni wapi moja inaishia na nyingine inaanzia. Alitafuta vizuri. Mtu ni yule yule, mkono ni ule ule wenye mwiko, na hakuona kiungo. Akajisemea kwamba amefundisha darasa lile miaka kumi na moja na leo ndiyo kwanza anahudhuria.

Walirudi kwenye mashuka. Jua likahama kutoka dirishani, rundo likapungua, na Dada alikuwa bado ana pumzi.

"Sijamaliza," akasema, lilipobaki shuka moja.

"Najua, Dada."

"Ya mume wangu bado sijayagusa kabisa. Hayo yana siku yake."

"Ndiyo, Dada."

"Kesho, huyo mchungaji wenu akishanipa mkono, unisindikize mpaka hapa, niendelee."

Bisibisi akasema ndiyo, akashika ncha zake, akavuta.